Kamera Ndogo, Mwanga Hafifu na Mtu Asiyetulia

Picha ya mtu au chombo kinachokwenda huharibika penye giza kwa sababu moja ya msingi. Mwanga unapopungua, kamera huiacha shata (pazia linaloruhusu mwanga kuingia) wazi kwa muda mrefu zaidi ili ikusanye mwanga wa kutosha, na muda huo ukipita, mlengwa ameshahama. Mtu anayetembea mwendo wa kawaida huenda takriban mita 1.4 kwa sekunde; shata ikikaa wazi kwa 1/30 ya sekunde, atakuwa amesogea karibu sentimita 5. Mchezaji anayekimbia mita 5 kwa sekunde atasogea sentimita 17, na matatu inayokwenda kilomita 50 kwa saa itasogea sentimita 46. Muda wa shata ukifupishwa hadi 1/250 ya sekunde, matatu hiyo husogea chini ya sentimita 6 na mtembeaji nusu sentimita tu. Kwa hiyo kazi yote ina njia tatu: kuufupisha muda wa shata, kumnasa mlengwa wakati mwendo wake umepungua, au kuukubali ukungu wa mwendo na kuuelekeza utakakopendeza.

Kamera ndogo ya mfukoni, iwe mpya au ya mtumba kutoka Luthuli Avenue jijini Nairobi, huingia katika kazi hii ikiwa na udhaifu wa maumbile. Kihisi chake cha mwanga, katika aina nyingi za bei nafuu, kina upana wa takriban milimita 6.2 na urefu wa milimita 4.6. Kihisi cha kamera kubwa za kitaalamu kina milimita 36 kwa 24, yaani eneo lililo kubwa mara 30 hivi. Sufuria na karai vikiwekwa nje mvua ikinyesha kwa dakika ileile, sufuria hukusanya maji machache. Ndivyo kihisi kidogo kinavyokusanya mwanga mchache katika muda uleule. Kamera huufidia upungufu huo kwa kuongeza ISO, yaani kuikuza ishara dhaifu iliyopatikana, na pamoja na ishara hukuzwa pia dosari zake. Ndizo chenga zinazoonekana katika picha za usiku, hasa kwenye sehemu nyeusi.

Udhaifu wa pili uko kwenye lenzi, na huu wengi hawaujui. Lenzi ya kamera ndogo huruhusu mwanga mwingi zaidi ikiwa haijavutwa hata kidogo. Kamera nyingi za aina hii zina tundu la f/3.2 lenzi ikiwa pana, na f/6.9 hivi inapovutwa hadi mwisho; namba ikiwa kubwa, tundu huwa dogo. Tofauti ya namba hizo mbili ni ya mwanga mara nne na nusu na zaidi. Katika ukumbi wenye mwanga wa luksi 150 (luksi ni kipimo cha mwanga unaofika mahali), ambao ni mwanga wa kawaida wa ukumbi wenye taa za kutosha, kamera iliyowekwa ISO 800 itahitaji takriban 1/50 ya sekunde lenzi ikiwa pana. Ikivutwa hadi mwisho, itahitaji takriban 1/10. Kwa 1/50 mwimbaji anayeyumba polepole ataonekana vizuri. Kwa 1/10 hataonekana vizuri hata akijitahidi kutulia. Ushauri wa kwanza basi ni kuiacha lenzi ikiwa pana na kumsogelea mlengwa kwa miguu. Zumu ya kidijitali, ile inayoendelea baada ya lenzi yenyewe kufika mwisho, haina faida yoyote na inafaa izimwe kabisa kwenye menyu.

Pamoja na udhaifu huo, kamera ndogo ina nguvu mbili ambazo hazipati sifa zinazostahili. Ya kwanza ni flashi. Kamera nyingi za aina hii zina flashi ya gesi ya zenoni, ambayo mmweko wake hudumu 1/1000 ya sekunde au pungufu, wakati simu nyingi zina taa ndogo ya LED isiyo na nguvu ya kusimamisha mwendo. Simu hufanya vizuri usiku kwa kupiga picha kadhaa mfululizo na kuziunganisha. Jengo hutoka safi, lakini mtoto anayekimbia hutoka akiwa na vivuli viwili au mkono uliokatika. Nguvu ya pili inatokana na udogo uleule wa kihisi: eneo linaloonekana wazi, mbele na nyuma ya mahali ilipofokasiwa kamera, ni refu sana. Lenzi ikiwa pana na fokasi ikiwekwa mita 3, karibu kila kitu kuanzia mita 1 hadi mbali kabisa kitaonekana wazi vya kutosha. Faida ya jambo hili itaonekana katika suala la kuchelewa kwa kamera.

Kinoo, wadi iliyo kando ya Waiyaki Way katika eneobunge la Kikuyu, Kaunti ya Kiambu, ni mahali pazuri pa kujifunzia kazi hii kwa kuwa aina zote za mwanga hafifu zinapatikana kwa mwendo mfupi wa miguu. Kuna viwanja ambavyo watoto huchezea mpira mpaka goli lisionekane. Kuna makanisa yenye ibada za jioni na kesha. Kuna steji ambapo makanga huita abiria chini ya taa za matatu, vibanda vya mboga vyenye balbu za kuchaji, maduka yanayomwaga mwanga mweupe hadi barabarani, na wachoma mahindi ambao nyuso zao humulikwa na makaa. Kila mwanga kati ya hiyo una tabia yake, na anayeijua hupata picha nzuri bila kununua chombo kingine.

Mwanga wa machweo ndio unaostahili kujifunzwa kwanza, kwa kuwa ndio mwingi na ndio unaopotea upesi. Nairobi na viunga vyake viko takriban digrii moja na robo kusini mwa ikweta. Jua huzama kati ya saa kumi na mbili na robo na karibu saa moja kasorobo jioni, mwaka mzima, na hushuka karibu wima. Kutoka jua linapozama hadi utusitusi wa kwanza unapokwisha ni dakika 21 au 22 tu. London muda huo huzidi nusu saa, na katikati ya kiangazi hukaribia dakika 50. Vitabu vingi vya upigaji picha vimeandikwa na watu wa nchi hizo za kaskazini, na ushauri wao kuhusu saa ya buluu, ule muda wa utusitusi baada ya machweo, yaani kungoja jua lizame ndipo kazi ianze bila haraka, haufai Kinoo bila kurekebishwa. Katika dakika hizo 21 mwanga wa anga safi hushuka kutoka takriban luksi 400 hadi luksi 3 na kidogo. Hiyo ni sawa na kupungua kwa nusu kila dakika 3 kwa wastani, polepole mwanzoni na kwa kasi mwishoni.

Hesabu hiyo ina maana kubwa uwanjani. Jua likizama, kamera yenye f/3.2 na ISO 800 inaweza kutumia takriban 1/125 ya sekunde, muda unaotosha kumnasa mchezaji anayekimbia kuelekea kamera. Dakika kumi baadaye, mipangilio ileile itadai takriban 1/15, na hapo mkimbiaji hawezi tena kunaswa. Anayetaka picha za mpira wa jioni afike uwanjani nusu saa kabla ya machweo, apige picha za mbio kwanza, kisha mwanga unavyopungua ahamie kwenye picha za watu waliotulia kidogo: kipa anayesubiri, kocha anayeelekeza, wachezaji wanaofunga viatu. Miezi ya Juni hadi Agosti, viunga vya magharibi vinapofunikwa na mawingu mazito na baridi ya kutoka upande wa Limuru, ratiba hiyo inafaa irudishwe nyuma kwa dakika kumi au kumi na tano.

Mwanga wa uwanjani ukishakwisha, anga ya magharibi bado huwa na mwangaza mwingi kuliko ardhi. Hapo picha ya kivuli huwa njia bora kuliko zote. Mpiga picha huinama chini, humweka mchezaji mbele ya anga, na huiacha kamera ipime mwanga wa anga peke yake. Kwa kuwa anga inang'aa, muda wa shata hubaki mfupi, na mchezaji hutoka mweusi mwenye ukingo mkali, mguu ukiwa hewani na mpira ukionekana umeachana na ardhi. Mbinu hii haihitaji kamera yenye nguvu. Inahitaji mtu aliye tayari kulala kifudifudi kwenye majani, na kuhakikisha kwamba miili ya wachezaji wawili haiungani ikawa donge moja.

Mwelekeo wa mwendo una uzito karibu sawa na mwanga wenyewe. Mtu anayekuja moja kwa moja kuelekea kamera hubadilika kidogo sana ndani ya picha, kwa kuwa huongezeka ukubwa tu. Anayekatiza kutoka kushoto kwenda kulia hufagia picha nzima. Kwa muda uleule wa shata, wa kwanza anaweza kutoka safi na wa pili akatoka kama moshi. Kwa hiyo nyuma ya goli ni mahali bora kuliko kando ya uwanja. Mbele ya bwana na bibi harusi wanaoingia ukumbini ni bora kuliko ubavuni. Hata bodaboda inayokuja kutoka mbele yaweza kunaswa kwa muda ambao ingepotea kabisa kama ingepita ubavuni.

Zaidi ya hapo, mwendo wa binadamu haulingani wakati wote. Anayeruka hupanda, husita, kisha hushuka, na katika sehemu ya kumi ya sekunde kabla na baada ya kilele mwili wake haushuki hata sentimita 5. Mtoto kwenye bembea husimama kabisa mwishoni mwa kila mkupuo. Mcheza ngoma hukaza mwili kwenye mdundo mzito na kuulegeza kati ya midundo. Mhubiri anayeinua mkono huuacha juu kwa muda kabla ya kuushusha. Fundi wa kuchomelea vyuma, mpishi wa chapati, mwoshaji gari, kila mmoja ana nukta ambapo mkono hugeuka, na kwenye mgeuko huo mkono huwa umesimama. Mpiga picha anayetazama mizunguko mitatu au minne bila kuigusa kamera atauona mpangilio huo, na kuanzia hapo 1/30 ya sekunde itamfaa mahali ambapo wengine wanadhani hata 1/250 haitoshi. Huu ndio ujuzi wenye thamani kubwa kuliko yote katika kazi hii, na bei yake ni subira.

Kikwazo chake ni kuchelewa kwa kamera. Kamera ndogo za bei nafuu hutumia nusu sekunde au zaidi kutafuta fokasi penye giza, huku lenzi ikienda mbele na nyuma, na kilele cha mruko kimeshapita. Dawa ni kubonyeza kitufe nusu mapema. Mpiga picha huchagua mahali ambapo mlengwa atapita, kwa mfano kizingiti cha mlango au mstari wa chokaa, hufokasi hapo kwa kubonyeza nusu, hushikilia, kisha humalizia kubonyeza mlengwa anapofika. Kuchelewa hupungua hadi sehemu ndogo ya sekunde. Kamera zenye alama ya mlima kwenye kitufe cha fokasi hutoa njia rahisi zaidi: kwa alama hiyo fokasi hufungwa mbali, na lenzi ikiwa pana, watu walioko umbali wa mita mbili au zaidi watatoka vizuri bila kamera kutafuta lolote. Kupiga mfululizo hakusaidii sana, kwani kamera nyingi za aina hii hupiga picha moja hivi kwa sekunde zikiwa na ukubwa kamili. Picha moja iliyopimwa huzishinda tano za kubahatisha.

Baada ya mahali na wakati ndipo menyu inapostahili kufunguliwa. Hali ya usiku, yenye alama ya mwezi na nyota, ni mtego kwa anayepiga vitu vinavyokwenda, kwa kuwa kazi yake ni kurefusha muda wa shata. Hali ya michezo, au ile ya watoto na wanyama, hufanya kinyume chake: huongeza ISO na kufupisha muda. Kama kamera inaruhusu ISO kuchaguliwa, 800 ni mahali pazuri pa kuanzia, na 1600 inakubalika pale ambapo chaguo lililobaki ni ukungu. Picha yenye chenga lakini yenye uso unaotambulika ina maana kwa wenyewe. Picha laini yenye uso uliofutika haina. Wanaoogopa chenga kupita kiasi hupoteza picha nyingi kuliko wanaozivumilia.

Kitufe cha kurekebisha mwangaza, chenye alama za kujumlisha na kutoa, kinafaa sana kwa kamera isiyo na njia ya kupanga shata moja kwa moja. Ikiwa ISO imefungwa, kushusha mwangaza hadi −1 huifanya kamera ipunguze muda wa shata kwa nusu: 1/30 inakuwa 1/60. Picha itatoka nyeusi kidogo, na weusi huo unaweza kuinuliwa baadaye kwenye simu au kompyuta. Ukungu wa mwendo hauondoki. Mbinu hii hufanya kazi vizuri pale nyuma ya mlengwa pakiwa peusi, kwa kuwa kamera hujaribu kuugeuza usiku uwe mchana. Haifai pale nyuma pakiwa na ukuta mweupe, dirisha au taa kali, kwa kuwa hapo kamera tayari imeshatia nyuso giza.

Nyuso nyeusi zinahitaji uangalifu wa pekee, kwa kuwa vipimo vya vyombo vya picha havikutengenezwa kwa ajili yake. Kwa miongo kadhaa ya karne ya 20 maabara za picha zilisawazisha rangi kwa kadi zenye sura ya mwanamke mweupe, zilizojulikana kama kadi za Shirley kutoka kampuni ya Kodak, na athari za mazoea hayo zilikaa muda mrefu. Kamera ndogo leo huweza kuitambua sura, lakini kipimo chake bado hupotoshwa na gauni jeupe la bibi harusi au kanzu za wanakwaya: hupunguza mwangaza ili nguo isichomeke, na uso hupotea. Suluhisho ni kupima mwanga kwenye uso wenyewe. Mpiga picha huielekeza kamera kwenye uso wa mtu aliye umbali sawa na mlengwa na mwenye mwanga unaofanana, hubonyeza nusu, kisha hurudi kwenye mlengwa na kumalizia. Mwanga unaotoka pembeni, wa dirisha au wa mlango ulio wazi, huchora mng'ao kwenye shavu na paji la uso na kuzifanya ngozi nyeusi zionekane kwa uzuri wake kamili hata mwanga ukiwa kidogo.

Ndani ya kanisa au ukumbi, mahali pa kusimama panategemea taa zilizopo. Taa za dari humulika vichwa na kuacha macho gizani. Mwimbaji anapoinua uso kwenye noti ya juu, macho huonekana, na hiyo ndiyo nukta ya kubonyeza. Tatizo jingine ni kupepesa. Umeme wa Kenya ni wa volti 240 na mizunguko 50 kwa sekunde, hivyo mirija ya mwanga na balbu nyingi za LED za bei rahisi hupepesa mara 100 kwa sekunde bila jicho kutambua. Kwa 1/50 au 1/100 ya sekunde kamera hukusanya mipepeso mizima na picha hutoka sawa. Kwa muda mfupi zaidi, picha moja yaweza kuwa nyeusi na inayofuata angavu, au ikawa na mistari. Ukumbini, basi, 1/100 ndicho kikomo chenye busara, na mbinu ya kungojea mgeuko wa mwendo ndiyo inayojaza pengo lililobaki. Wakati wa baridi, kamera iliyotoka nje kwenye ukungu wa asubuhi na kuingizwa katika kanisa lililojaa watu hupata umande kwenye lenzi. Iachwe ndani ya mfuko wake kwa dakika kumi kabla ya kutumiwa.

Flashi ina kanuni yake ya umbali. Mwanga wake hupungua kwa mraba wa umbali: kitu kilicho mita 3 hupokea sehemu moja ya tisa ya mwanga unaokipata kitu kilicho mita 1. Flashi ya kamera ndogo hufika mita 3 au 4 lenzi ikiwa pana, na pungufu ya hapo ikiwa imevutwa. Kuiwasha ukiwa nyuma ya kanisa ili kumpiga padri aliye madhabahuni humulika migongo ya waumini wa safu ya mbele yako na kumaliza betri. Ndani ya mita 2 mambo ni tofauti. Mmweko mfupi humsimamisha mcheza ngoma angani, jasho na vumbi vikionekana. Uondoaji wa macho mekundu ni bora uzimwe, kwa kuwa hutanguliza mimweko midogo inayochelewesha picha yenyewe. Kipande kimoja cha tishu nyeupe mbele ya flashi hupunguza mng'ao mkali kwenye ngozi yenye jasho, ingawa hupunguza pia umbali wake. Baada ya kila mmweko kamera huhitaji sekunde kadhaa kujichaji, na betri ikichoka sekunde hizo huongezeka. Betri ya pili mfukoni ni ununuzi wenye manufaa kuliko lenzi yoyote ya kubandika.

Flashi ya kawaida huacha nyuma ya mtu kukiwa na weusi mtupu, na sherehe yenye taa za rangi huonekana kama ilifanyika pangoni. Kamera nyingi zina hali ya flashi ya polepole, ambayo alama yake mara nyingi huwa ni mtu na mwezi au nyota. Hapo flashi humsimamisha mlengwa, kisha shata huendelea kuwa wazi na kukusanya mwanga wa ukumbi. Mcheza dansi hutoka akiwa na uso mkali na mikono inayoacha michirizi ya rangi. Kwenye karamu ya harusi, hali hii hutoa picha zenye uhai kuliko nyingine yoyote. Sharti lake ni mlengwa awe karibu na asiwe amemulikwa sana na taa nyingine, la sivyo sura yake hujirudia mara mbili.

Barabarani usiku mambo ni magumu zaidi. Chini ya taa za kawaida za barabara, zenye luksi 15 hivi, kamera ya f/3.2 kwa ISO 1600 hudai takriban 1/10 ya sekunde. Zile nguzo ndefu ambazo wakazi wa Nairobi huziita mulika mwizi humwaga mwanga juu ya eneo kubwa, lakini kwa kamera mwanga huo bado ni haba. Penye taa za rangi ya machungwa, ambazo bado zipo baadhi ya mitaa, rangi nyingine karibu zote hupotea na hakuna marekebisho yanayozirudisha. Picha hizo ni bora zigeuzwe kuwa za rangi nyeusi na nyeupe. Mahali pa kusimama ni mbele ya duka lenye mwanga, mpiga picha akiwa ameupa mwanga mgongo au ubavu, na kungoja wapita njia waingie kwenye eneo lililomulikwa. Kati ya hatua mbili au tatu watakazopiga hapo, kuna moja ambayo nyuso zao zitaelekea mwanga.

Matatu yenye taa za rangi haifai kusimamishwa pichani; inafaa kufuatwa. Mpiga picha husimama mbali na lami, ikiwezekana mita 8 au 10 kutoka kwenye barabara ya huduma, miguu ikiwa imeelekea mahali gari litakapofika karibu zaidi. Humfuata dereva kwa kamera tangu mbali kwa kugeuza kiuno, hubonyeza bila kusitisha mgeuko, na huendelea kufuata hata baada ya shata kufunga. Kwa 1/15 hadi 1/30 ya sekunde, gari hutoka likiwa wazi kiasi na taa za nyuma yake hugeuka michirizi mirefu. Wengi hukosea kwa kusimamisha mkono wakati wa kubonyeza. Picha nyingi zitaharibika kwanza, na hiyo ni kawaida ya mbinu yenyewe hata kwa wazoefu. Kwenye kivuko cha juu cha waenda kwa miguu, magari makubwa yakipita chini sakafu hutetemeka, kwa hiyo kamera isiegemezwe kwenye reli. Viwiko vibanwe mbavuni na ukanda wa kamera uvutwe shingoni hadi ukaze.

Kidhibiti cha mtikisiko kilicho ndani ya kamera husaidia mkono unaotetemeka, lakini hakina uwezo wowote juu ya mtu anayekwenda. Vivyo hivyo stendi ya miguu mitatu. Vyote viwili vina faida pale ambapo sehemu ya picha imetulia na nyingine inakwenda, kwa mfano kibanda cha mboga kikiwa wazi na wateja wakipita kama ukungu. Mfuko mdogo wa maharagwe uliowekwa juu ya ukuta hufanya kazi hiyo vizuri, na hauvuti macho ya watu.

Kuvuta macho ya watu ni jambo la kufikiriwa. Kamera ikishikwa usiku, ukanda uzungushwe kwenye kifundo cha mkono na kadi ya kumbukumbu ibadilishwe ndani ya duka. Flashi isielekezwe kamwe kwa dereva au mwendesha bodaboda, kwa kuwa humpofusha kwa sekunde chache zinazotosha kuua. Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya inalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kutumiwa. Picha ya kuwekwa kwenye albamu ya nyumbani ni jambo moja, na ya kusambazwa au kuuzwa ni jingine. Kwa watoto wa uwanjani, kocha na wazazi waulizwe kabla ya mchezo kuanza.

Baada ya kupiga, picha zisihukumiwe kwenye kioo kidogo cha kamera, ambacho huficha ukungu, wala zisikuzwe hadi kila pikseli ionekane kwenye kompyuta, ambapo kila picha ya usiku ni mbaya. Kipimo cha haki ni ukubwa utakaotumika. Picha ya kusafishwa ya sentimita 10 kwa 15 huhitaji pikseli 1,200 kwa 1,800, yaani megapikseli 2 na kidogo, ilhali kamera nyingi ndogo hutoa 16 au 20. Ikipunguzwa hadi ukubwa huo, chenga nyingi hujifuta zenyewe na ukungu mdogo huacha kuonekana. Programu za kuondoa chenga zitumiwe kwa kiasi, kwa kuwa zikizidi hugeuza ngozi kuwa nta na kufuta nyuzi za nywele. Picha za kutumwa kwa wenyewe kupitia WhatsApp ni bora zitumwe kama faili, si kama picha ya kawaida, ili zisibanwe tena na kupoteza kile kilichopatikana kwa jasho.